Duka kubwa la vifaa vya ujenzi au hadiwea za kaunta: hapa Mwanza nani anatupiga kidogo?

#1 Mjenzi wa Buswelu
Mwangaluka wana Mwanza.

Nipo hatua ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, huko Buswelu, na wiki mbili hizi nimezunguka na karatasi moja mfukoni kama karani wa sensa. Orodha ni ileile kila ninakokwenda: saruji mifuko 50, nondo za milimita 12 vipande 30, waya wa umeme, mabomba ya maji ya plastiki (PPR), koki, na marumaru za sebule. Nimeipeleka kwenye maduka makubwa ya kisasa, yale yenye toroli, bei imebandikwa, na kijana wa fulana anakufuata nyuma kama mlinzi. Nikaipeleka hadiwea tatu za mjini kati ambako unajibana kaunta na kupaza sauti. Nikamalizia kwa jamaa mmoja wa Igoma anayenijua kwa jina.

Matokeo yamenivuruga. Saruji, duka kubwa liko chini kuliko wote, shilingi 500 kila mfuko. Nondo, mjini kati walinitajia bei ya chini mpaka nikaogopa. Koki na vitu vidogo, duka kubwa ni karibu mara mbili. Ukijumlisha karatasi nzima, wa juu na wa chini hawaachani hata laki moja na nusu.

Mnanunua wapi, na kwa nini? Naomba asije mtu na "inategemea".

#2 Sangara Mbichi
Inategemea.

Halafu mkuu, upo lenta unaulizia marumaru? Utazitandika kwenye mchanga?

#3 Mjenzi wa Buswelu
Naulizia bei mapema, Sangara. Wewe ulipaua ndipo ukakumbuka choo, tunakujua.

#4 Fundi wa Mlimani
Mkuu, hayo matokeo yako wala hayashangazi. Niko saiti mwaka wa kumi na tisa huu. Mwenye duka kubwa anajua mteja anakuja na bei mbili kichwani, ya saruji na ya bati. Hizo kashamuuliza jirani, shemeji na kondakta wa daladala. Kwa hiyo hapo anashusha mpaka karibu na bei ya wakala, wewe unaingia ukisema hawa jamaa ni nafuu. Ukishalipia saruji unakumbuka viungio vya bomba kama elbo na tii, silikoni, brashi, kilo mbili za misumari. Nani anajua bei halali ya elbo ya PPR? Elbo moja ni hela ndogo, ila nyumba ya vyumba vitatu inakula elbo nyingi kuliko unavyodhani. Hapo ndipo anapoirudisha ile mia tano ya kila mfuko, na chenji inabaki.

Mimi wateja wangu nawaambia: saruji duka kubwa, vidogovidogo kaunta.

#5 Risiti Mkononi
Mnamsingizia mwenye duka kubwa. Kule kila kitu kinapita kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, na VAT asilimia 18 imo ndani ya bei uliyoiona imebandikwa. Kaunta ya mjini kati unatajiwa bei, ukisema "naomba risiti" jamaa anakutazama kama umemtukania mzazi, kisha bei inapanda. Mleta uzi, zile bei za kaunta zilikuwa na risiti au bila? Kama bila, hiyo karatasi chana, uanze upya.

#6 Sangara Mbichi
TRA mmeingia lini humu?

#7 Mjenzi wa Buswelu
Zilikuwa bila, Risiti. Nimekoma. Ila hata ukiiweka hiyo 18, koki za duka kubwa bado ziko juu sana. Hilo kodi pekee haliwezi kulieleza.

#8 Kijana wa Igoma
Fundi wa Mlimani kaongea vizuri sana, ila karuka sura moja. Cha juu.

Mwaka juzi nilikwenda na fundi wangu wa bomba kununua mabomba na koki. Kachagua yeye, nimelipa mimi, tumetoka. Tumefika kwenye kirikuu nakumbuka simu nimeiacha kaunta. Kurudi namkuta muuzaji anahesabu noti za elfu kumi, anazitia kwenye bahasha ya kaki, na juu ya bahasha kaandika jina la fundi wangu kwa kalamu nyekundu. Hakuona hata haya. Akaniuliza, "Umemwacha wapi nimpe kabisa?"

Tangu siku hiyo naenda duka la bei iliyobandikwa. Kama napigwa, napigwa na mtu mmoja.

#9 Fundi wa Mlimani
Sikuruka, nilikuwa nasubiri nione nani atalitaja. Ndiyo, kipo. Na hilo duka kubwa unalolikimbilia nalo linakitoa, ila wao hawatumii bahasha, wanakutumia kwenye simu. Usidhani bei ikibandikwa ndiyo fundi hayumo.

Sasa na mimi niulize. Nimetoka saiti, nimepanda daladala mbili kwenda kukuchagulia mabomba, nimepoteza nusu siku, hujanilipa hiyo siku. Ikionekana koki inavuja, nani anairudisha dukani na kugombana? Mimi. Ungenilipa siku ya manunuzi kama siku ya kazi, hiyo bahasha ningeikataa. Pengine.

#10 Sangara Mbichi
Hiyo "pengine" imeniua.

#11 Binti Ukerewe
Nyie mnaoishi bara mnalinganisha bei ya dukani. Sisi wa visiwani tunalinganisha bei ya kukosea.

Sebule yangu Nansio ni mita 5 kwa 4.5. Nilinunua marumaru za 60 kwa 60 boksi 18 kwenye duka moja la mjini kati Mwanza, nikazipakia kwa utaratibu, wapagazi wakalipwa, meli ikatufikisha salama, hata moja haikuvunjika. Nikafurahi mno. Fundi kaanza kutandika asubuhi, saa nane mchana ananiita. Boksi 15 ni nyeupe ya maziwa. Boksi tatu ni nyeupe ya maji ya mchele. Jina lilelile, kampuni ileile, picha ileile juu ya boksi. Ukiisimamisha moja peke yake huoni kitu, ukiziweka ubavuni macho yanakataa.

Nikampigia muuzaji. Kasema nirudishe nibadilishiwe. Nirudishe! Nauli kwenda na kurudi, mzigo, wapagazi pande zote mbili, na siku yangu ya biashara. Nilizitandika chini ya kochi. Mpaka leo kochi langu halihamishwi, wageni wanadhani nimeficha kitu.

#12 Nusu Inchi
Pole dada. Hilo linawakuta wengi na dawa yake iko ubavuni mwa boksi. Tafuta namba mbili: ya toni na ya saizi. Kiwanda kikichoma kundi jipya, rangi inasogea kidogo, kwa hiyo wanaligonga namba yake. Unataka boksi zote ziwe na namba moja, na unataka za akiba uzinunue siku hiyohiyo, kwa sababu mwezi ujao kundi hilo halipo. Hesabu yako ilikuwa sawa: mita za mraba 22.5, ongeza asilimia 10 ya kukatakata, gawa kwa 1.44 ambayo ni boksi la vipande vinne, unapata 17 na kitu, ndiyo hizo 18.

Hapa duka kubwa wanashinda kwa kitu kimoja: mzigo umepangwa chini, unaweza kuinama ukasoma namba mwenyewe. Kaunta unaletewa kutoka stoo ya nyuma, kijana kachukua popote mkono ulipofika.

Rangi ya ukuta nayo ni vilevile. Ndoo mbili za lita 20 zilizochanganywa kwa mashine siku tofauti zinaweza kupishana. Zimimine zote kwenye pipa moja, ukoroge, ndipo upake.

#13 Binti Ukerewe
Nusu Inchi ulikuwa wapi mwaka jana?

#14 Mtoro wa Minnesota
Salamu kutoka kwenye baridi, nimezaliwa Pasiansi. Huku swali hili ni kama Simba na Yanga: Home Depot au Lowe's. Home Depot ni rangi ya chungwa, Lowe's ni bluu. Mimi kazi yangu ni kupaka rangi na kubadilisha sakafu, kwa hiyo naingia kote.

Home Depot wamejipanga zaidi kwa mafundi. Karibu nusu ya mauzo yao yanatoka kwa makandarasi. Saa kumi na mbili asubuhi ukiingia ni buti, mbao na vikombe vya kahawa. Lowe's wanamlenga zaidi mwenye nyumba: taa, majokofu, maua. Halafu majimbo ya katikati kama huku kuna wa tatu, Menards, wenyeji wa Wisconsin, ambao mara kwa mara wanatangaza marejesho ya asilimia 11. Ila hupunguziwi pale kaunta. Unajaza fomu na risiti, unasubiri, baadaye inakuja hati ya kununulia humohumo kwao. Wangapi wanasahau kutuma fomu? Mimi nina risiti kwenye gari za tangu sijaoa.

Bei za vitu vingi zinapishana senti. Kinachonirudisha dukani ni kurudisha mali. Home Depot, bidhaa nyingi una siku 90 ukiwa na risiti. Mtu anarudisha koki aliyokosea saizi, anapewa hela yake, hakuna anayemuuliza "si uliichagua mwenyewe?"

#15 Mzee wa Capripoint
Hao Lowe's si waliiga tu kwa Home Depot? Ndivyo ninavyojua.

#16 Nusu Inchi
Shikamoo mzee. Kwa umri ni kinyume. Lowe's ilianza 1921 huko North Carolina kama hadiwea ya mji mdogo. Home Depot ilianzishwa 1978, na maduka yake ya kwanza yakafunguliwa Atlanta 1979. Waanzilishi wake, Bernie Marcus na Arthur Blank, walikuwa wametoka kufukuzwa kazi kwenye kampuni nyingine ya vifaa hivihivi. Ila hujakosea kabisa: lile umbo la ghala, dari refu na mali imepangwa mpaka juu, Home Depot ndio walilivumisha, Lowe's wakalifuata baadaye.

#17 Mzee wa Capripoint
Marahaba. Basi mkubwa kamwiga mdogo. Hata kwenye familia yangu ipo.

#18 Mama Kokoto
Siku 90! Mimi koki imeng'oka uzi siku ya pili, hata plasta haijakauka. Nimeibeba na risiti ya mkono, jamaa hakuongea, kanyoosha kidole ukutani juu ya kichwa chake: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Chini yake kapaka na fuvu la kichwa.

#19 Sangara Mbichi
Fuvu la nini sasa?

#20 Mama Kokoto
Sikuuliza. Nilikwenda kununua nyingine.

#21 Risiti Mkononi
Mtoro, hizo siku 90 si zawadi. Gharama ya koki zinazorudi imegawanywa kwenye bei ya koki zote. Na duka la huko lina uzito wa kumrudishia mwenye kiwanda. Hadiwea ya kaunta hapa Mwanza imenunua kwa aliyenunua kwa aliyeleta kutoka Dar. Amrudishie nani?

#22 Kijana wa Igoma
Sikubali. Hawarudishi kwa sababu wanajua walichouza. Ukiruhusu kurudisha mali feki, duka linafungwa Jumatano.

#23 Sangara Mbichi
Mtoro, niulize lingine. Huko Marekani mbao ya 2 kwa 4 ni 2 kwa 4 kweli? Maana hapa nimekwenda na futi yangu nikaambiwa "hiyo futi ya Kichina".

#24 Mtoro wa Minnesota
Utacheka. Huku 2 kwa 4 ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu. Ni halali na kila mtu anajua, kwa sababu ile 2 kwa 4 ni kipimo cha kabla ya kukaushwa na kupigwa randa. Waliuziwa jina, kama vile wewe ulivyouziwa jina la Sangara.

#25 Fundi wa Mlimani
Tofauti ni kwamba za kwao zote zinafanana. Hapa mbao haijapigwa randa, imetoka kwenye msumeno hivyohivyo, kwa hiyo ilipaswa iwe kamili. Za Mafinga zikifika, rundo moja lina inchi mbili, lina moja na robo tatu, lina ambayo upande huu nene upande ule nyembamba. Ukitoka kupaua, dari linacheza wimbi. Za jirani hapa kama za Buhindi, Buchosa, napo chagua moja moja. Mbao usiagize kwa simu. Hata kama muuzaji ni shemeji. Hasa kama ni shemeji.

#26 Bati Bluu
Mmesahau bati. Nimeezeka Mkolani geji 30 ya rangi, mwaka wa tatu huu imeanza kupauka upande wa ziwa. Hewa ya ziwa inakula bati jamani, tununue geji gani?

#27 Nusu Inchi
Ziwa Victoria ni maji baridi, mkuu. Hewa inayokula bati ni ya chumvi, hiyo ni shida ya Dar na Tanga. Tafuta mchawi mwingine.

#28 Mzee wa Capripoint
Ni jua. Upande huo wa nyumba yako nahisi unatazama magharibi, jua la alasiri linapiga na ziwa linalirudisha kama kioo. Paa langu la 1994 la bati nyeupe bado lipo.

#29 Fundi wa Mlimani
La 1994 lilikuwa bati, mzee. Siku hizi ni karatasi iliyopakwa rangi. Geji 30 inatakiwa iwe karibu milimita 0.3. Chukua maikromita, kile kifaa cha kupimia unene, pima. Na ukipima kumbuka unapima na rangi, chuma chenyewe ni pungufu ya hapo. Muuzaji mjanja anakwambia "hii ni 30" na jedwali lenyewe la geji liko zaidi ya moja. Usinunue geji, nunua milimita, aandike kwenye risiti.

#30 Kijana wa Igoma
Au walioezeka bati walikanyaga na viatu vya saruji. Rangi ikikwaruzwa ndiyo inaanzia hapo.

#31 Bati Bluu
Kwa hiyo ni ziwa, jua, kiwanda au viatu?

#32 Sangara Mbichi
Inategemea.

#33 Karani wa Mwaloni
Nimesoma uzi wote, naona ile nondo ya mleta uzi iliyomtisha imepitwa. Acheni niwape kitu.

Mimi nipo Mwaloni Kirumba, kazi yangu ni mizani, napima dagaa kuanzia alfajiri. Mwaka jana nilikuwa najenga, nikanunua nondo za 12 sehemu mbili. Za kwanza bei ya kawaida, za pili bei ya kutupa. Kwa macho zote ni sawa, zina mistari, zina alama, zimekunjwa katikati kama kawaida. Fundi akakata za nguzo, vikabaki vipande. Nikapima kipande cha mita moja kamili kutoka kila kundi, nikavibeba kazini. Mizani yetu ile ya kidijitali haidanganyi, maana ikidanganya wamama wa dagaa wanakugeuza dagaa. Cha kwanza kilisoma gramu 880. Cha pili gramu 790.

Nondo ya 12 inatakiwa iwe na gramu 888 kwa mita. Njia ya kukumbuka: zidisha kipenyo kwa kipenyo, gawa kwa 162, unapata kilo za mita moja. Ya 10 ni gramu 617. Ya 16 ni kilo 1.58. Nondo nzima ya mita 12 ya milimita 12 ni kilo 10 na nusu na ushee. Sasa ile bei ya kutupa, nilipoigawa kwa kilo, niligundua nimelipa sawasawa na kule kwa bei ya kawaida. Sikupunguziwa bei, nilipunguziwa chuma.

#34 Mjenzi wa Buswelu
Karani, umenikata usingizi. Nondo 30 bado sijalipia. Asante.

#35 Risiti Mkononi
Ngoja tuwe waadilifu. Viwango vinaruhusu kupungua kidogo, hakuna kiwanda kinachotoa gramu 888 kila mita. Hata za kwanza zako zilikuwa 880.

#36 Nusu Inchi
Vinaruhusu, ila si kiasi hicho. Kiwango cha Uingereza BS 4449 kwa nondo ya 12 kinavumilia asilimia 4.5 juu au chini. Chini kabisa inakuwa gramu 848. Hiyo ya 790 ukiirudisha kwenye kipenyo ni kama milimita 11.3. Wamekuuzia nondo ambayo haipo kwenye orodha ya mtu yeyote.

#37 Fundi wa Mlimani
Waya nao hivyohivyo. Waambieni wakate kipande mbele yako, ukwangue kwa kisu. Ukiona nyekundu juu na nyeupe ndani, hiyo ni alumini imevalishwa kopa, yaani shaba. Rudisha pale pale kabla hujaonyeshwa fuvu.

#38 Mwenye Duka Buhongwa
Nina hadiwea ndogo, nimewasikiliza mnavyotuchambua. Niwape siri moja ambayo hamjaitaja: saruji yangu wiki ambayo gari limechelewa kutoka Dar naichukua kwenye duka hilohilo kubwa mnalolilinganisha na mimi. Naweka mia tano au elfu juu, nakuletea mpaka mlangoni mfuko mmoja mmoja kwa guta. Duka kubwa halikuletei mfuko mmoja.

Kingine ni mali kauli. Mwalimu anaanza jengo tarehe tano, mshahara unakata tarehe kumi na tano, anakuja kwangu. Daftari langu lina watu 40 na zaidi, na wapo waliofika lenta wakahama mtaa. Hiyo hasara inalipwa na nani? Na nyie mnaolipa taslimu. Sijaficha.

Na mkija kununua saruji, angalieni namba kwenye mfuko kabla ya bei. 32.5 na 42.5 si tofauti ya jina, ni nguvu ambayo saruji inaifikia siku ya 28 baada ya kuchanganywa. Mtu ananiambia duka fulani ni nafuu kumbe kalinganisha 32.5 ya kule na 42.5 ya kwangu. Plasta na kujengea tofali, 32.5 inatosha. Slabu na nguzo, chukua 42.5.

#39 Mjenzi wa Buswelu
Nimekwenda kuangalia picha niliyopiga. Ile ya duka kubwa ya mia tano nafuu ni 32.5. Ya Igoma ni 42.5.

#40 Risiti Mkononi
Nilisema chana karatasi.

#41 Msengerema
Naongezea la upande wetu. Kabla ya daraja la Kigongo hadi Busisi kufunguliwa 2025, hadiwea za Sengerema zilikuwa na kisingizio kimoja: kivuko. Foleni ya kivuko, nauli ya kivuko, gari limelala Busisi. Sasa gari linapita moja kwa moja, nikauliza bei ya bati imeshuka? Nikaambiwa mafuta. Kwa hiyo mimi nakodi kirikuu na majirani watatu, tunakuja Mwanza Jumamosi, tunachukua duka kubwa kwa pamoja. Tukiwa wanne tunapewa bei ya jumla.

#42 Binti Ukerewe
Na sisi tujengewe daraja basi, hata la kochi langu tu.

#43 Mama Kokoto
Mawe na kokoto ndiyo hamtapigwa, hayo tumekalia. Mlima wote ni hadiwea.

#44 Sangara Mbichi
Kapasue hilo jiwe la nyuma ya choo chako kwanza ndiyo utuambie kama ni bure. Mimi nilichoma kuni siku tatu, likapasuka ufa wa kupitisha mjusi.

#45 Mjenzi wa Buswelu
Mrejesho. Nimeanza upya: saruji 42.5 kote, bei na risiti kote, nondo kwa kilo. Kaunta ile ya bei ya kuogopesha nilimwomba jamaa anikatie mita moja niilipie. Kagoma. Nikaondoka. Duka kubwa nao wamegoma kukata, ila kijana wa fulana kanielekeza kwenye kipande kilichobaki nyuma kwenye ghala, nimekipima futi, kimetimia mita moja na sentimita nne, nikakikata hizo nne kwa msumeno wa fundi. Wa Igoma kanikatia bila neno.

Nikavibeba vyote viwili Mwaloni kwa Karani. Cha duka kubwa gramu 861. Cha Igoma 872.

#46 Kijana wa Igoma
Igoma oyeee.

#47 Fundi wa Mlimani
Kipande kimoja hakisemi lolote, mkuu. Pima vitano kutoka nondo tofauti.

#48 Nusu Inchi
Na kwa bei ya kila kilo je, nani kashinda?

#49 Mjenzi wa Buswelu
Duka kubwa, kidogo. Ila Igoma analeta bure mpaka saiti, na kirikuu cha kutoka duka kubwa kinakula ile nafuu yote na zaidi. Kwa hiyo sijui.

#50 Risiti Mkononi
Mizani Mwaloni wanatoza shilingi ngapi? Na mimi nina vipande.

#51 Mjenzi wa Buswelu
Kupima ni bure. Ila foleni ya wamama ilinitazama nimeshika chuma kwenye mizani ya dagaa, mmoja akaniuliza kama nakwenda kukikaanga. Nimerudi Buswelu na vipande viwili vya nondo na dagaa kilo mbili.

#52 Sangara Mbichi
Hizo dagaa ulipewa risiti?